Mafundo ya Mgomba kwenye Bomba la Dizeli

Chumba cha boila cha kiwanda cha maziwa cha ushirika, huku Tukuyu, kina milango miwili. Mmoja unatazama uwanjani, ambako vijana wa bodaboda hushusha madumu. Wa pili unatazama migombani, na ukitokea kwa huo unakanyaga majani mabichi kabla hujamaliza hatua. Aliyejenga chumba alitaka hewa ipite tu, hakuwa na jingine akilini. Lakini angeweka mlango mmoja, Ikupa asingeweza kufanya kazi mle hata siku moja.

Ikupa ni mwendesha boila. Mzee Lutufyo naye ni mwendesha boila. Ikupa ameolewa na Lazaro, mwenye maparachichi kule Kisondela, na Lazaro ni mtoto wa kuzaa wa Mzee Lutufyo. Mtu wa Rungwe akifika hapo ameshatabasamu, hahitaji kuelezwa zaidi. Wewe uliyetoka mbali, sogea karibu.

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto humheshimu baba mkwe kwa kumkwepa. Hamtazami usoni. Hali naye, halitaji jina lake. Akisikia anakuja njiani, hupinda migombani, au hugeuka na kujifunika kitenge kichwani mpaka apite. Baba mkwe naye, akiwa mtu wa adabu, hukohoa toka mbali ili mkwe apate nafasi ya kupinda. Wenyewe huita ukutila. Ukiuona kwa nje utadhani ni ugomvi, kumbe ni heshima yenye mizizi mirefu. Siku hizi wengi wameiacha, na zipo nyumba ambamo mkwe na baba mkwe hugombea rimoti ya televisheni. Mzee Lutufyo hakuiacha. Na Ikupa alilelewa na bibi yake kule Kisiba, akaipokea pamoja na sala ya kabla ya chakula, bila kuuliza vilitofautiana wapi. Kanisani yeye hukaa mbele kushoto na mzee hukaa nyuma kulia, na mchungaji ameshazoea.

Sasa watu wa namna hiyo waliwezaje kulisha boila moja? Kwa milango. Mzee alikuja alfajiri kupasha boila, ili maziwa ya kwanza yakifika yakute mvuke. Ikupa alikuja kukipambazuka na kukaa na boila mchana kutwa. Akisikia sauti ya Ikupa akisalimiana na watu uwanjani, mzee alikohoa na kutoka kwa mlango wa migombani. Ikupa akaingia kwa mlango wa uwanjani, akakuta chumba kitupu na cha joto, na kiti bado kina umbo la mtu.

Kama kulikuwa na neno la kazi, lilipita kwa Prisca. Prisca ndiye anayepokea maziwa na kuyapima, na ana mdomo mwepesi kuliko mizani yake. Mzee alimwambia Prisca, Prisca akamwambia Ikupa, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, likiwa limeongezwa chumvi.

"Mimi ndiye posta ya ukoo wenu," Prisca alizoea kusema, "na stempu hamnunui."

Zamani mzee alikuwa peke yake mle ndani. Boila ilikuwa ya kuni, na alijua kuisoma kwa kutazama moshi wa dohani kama mama anavyomsoma mtoto kwa kumgusa paji la uso. Kisha kuni za mikaratusi zikawa adimu, ushirika ukanunua bena ya dizeli. Bena ni kile kichwa cha chuma kinachofungwa mdomoni mwa tanuri, kikapuliza mafuta na hewa ndani vikaungua. Ikupa, aliyesomea ufundi mitambo VETA Mbeya, akaajiriwa kuiangalia. Wengine kwenye kamati walisema basi mzee apumzike. Meneja Wilson akawaambia hapana, mtu anayejua tabia ya boila hatupwi kwa sababu chakula cha boila kimebadilika. Mzee akabaki na zamu ya alfajiri. Alikuwa amefiwa na mke, nyumba yake ina mwangwi, na ile boila ndiyo iliyokuwa ikimwitikia.

Fundi Benedicto alikuja kutoka Mbeya kuifunga bena ile. Akawafundisha wote wawili, mmoja siku moja na mwingine siku nyingine, kwa sababu unazozijua.

Alichowafundisha ni hiki. Ubavuni mwa bena kuna kisanduku kidogo chenye kitufe kinachowaka taa nyekundu. Hicho kisanduku ndicho mlinzi. Ukiwasha swichi, hakikimbilii moto. Kwanza kinaamuru feni ipulize tupu, ili kama kuna mvuke wa mafuta umebaki tanurini utoke kwa dohani. Kisha kinatoa cheche. Kisha kinafungua mafuta. Halafu kinauliza jicho. Jicho ni kidude chenye kioo kilichochomekwa kutazama ndani, na kazi yake ni moja tu, kuona mwanga wa moto. Likisema limeona, kisanduku kinaacha mambo yaendelee. Likikaa kimya sekunde chache tu, kisanduku kinafunga mafuta, kinawasha taa nyekundu, na kinagoma. Hakitawasha moto tena mpaka mtu akibonyeze kwa mkono wake.

"Kikigoma, subiri kidogo, bonyeza mara moja," Benedicto alimwambia mzee. "Kikigoma tena, acha. Tafuta sababu. Kila mara moto ukikataa kushika, kuna mafuta yameingia tanurini yakabaki mabichi. Ukibonyeza na kubonyeza unajaza. Siku moto utakaposhika, utashika yote kwa pamoja, na huo mlango wa tanuri utakwenda kuutafuta Kisiba."

Siku nyingine alimwambia Ikupa maneno hayo hayo. Wote wawili waliyashika kama amri ya kumi na moja.

Basi mambo yakaenda vizuri mpaka baridi ilipoingia. Wewe unayeijua baridi ya Tukuyu ya Julai, yenye manyunyu yasiyonyesha wala kuacha, unajua kwamba hata mafuta ya kula huganda, hulala. Bena ikaanza kugoma alfajiri. Si kila siku, lakini mara kwa mara. Maziwa yakasubiri uwanjani, akina mama wa Matwebe wakanung'unika, na siku moja Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Abrahamu, akasema kwenye kikao mbele ya watu. Si mtu mbaya, ila akishasema hupenda lililosemwa litimie.

"Mashine moja, watu wawili wasioweza kusalimiana. Ikirudia kutuchelewesha, abaki mmoja. Na atakayebaki mnamjua, aliyesoma."

Ikupa alirudi nyumbani siku hiyo akakaa jikoni bila kuwasha taa. Lazaro alimuuliza ana nini, akamweleza. Lazaro akasema labda ndivyo itakavyokuwa, baba amezeeka. Ikupa akamjibu kwamba baba kuzeeka ni jambo moja, na mke wa mtoto kumng'oa baba mkwe kwenye kiti chake ni jambo lingine. Ukumbi gani atapita kichwa juu? Bibi yake angesemaje? Na zaidi ya hayo, alilisema taratibu, chumba kile kikikosa lile joto analolikuta asubuhi, atakuwa anaingia kama mgeni. Hilo ndilo lililomlalia moyoni majuma yale yote. Bena ikigoma tena, mzee anakwenda nyumbani.

Hapo kati kuna kitu kimoja ambacho wote wawili hawakukijua, na mimi nakwambia sasa ili usije ukanilaumu baadaye.

Bena ina kilango cha hewa, kibati kinachosogea mbele na nyuma kwenye skrubu, chenye namba za kuonyesha umekifungua kiasi gani. Alfajiri, dizeli ikiwa nzito kwa baridi, moto ulitoa moshi. Mzee akitoka nje kutazama dohani na kuuona moshi mweusi, aliona aibu, maana katika maisha yake yote boila yake haikutoa moshi mweusi. Alirudi ndani akakifungua kilango kidogo. Hewa ikiongezeka, moshi unakwisha. Mchana, dizeli ikishapata joto, hewa hiyo inakuwa nyingi kupita kiasi, moto unanguruma na kurukaruka. Ikupa alikikuta kilango hakiko pale alipokiacha, akakirudisha.

Mzee alidhani skrubu inalegea kwa mtikisiko. Ikupa naye alidhani skrubu inalegea kwa mtikisiko. Kila mmoja alikuwa anaikaza kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake, na kila mmoja alisikitika kimoyomoyo kwamba viwanda vya siku hizi havitengenezi skrubu za maana. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, hakuna aliyeona linafaa kupelekwa kwa Prisca.

Sasa sikia asubuhi yenyewe.

Prisca hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani Matwebe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Mzee, akikumbuka moshi wa jana yake, alikifungua kilango mapema, akakifungua kweli kweli. Akawasha. Feni ikapuliza, cheche zikalia, kisha kimya, na taa nyekundu ikamtazama. Hewa ilikuwa nyingi mno, ilizima moto kama mtu anavyozima mshumaa. Akasubiri, akabonyeza mara moja kama alivyofundishwa. Nyekundu tena. Akaacha, kama alivyofundishwa. Alikuwa bado amesimama akishika kidevu pale aliposikia Ikupa uwanjani akiwasalimu watu. Akakohoa, akatoka migombani.

Ikupa aliingia akakuta chumba kina baridi na taa inawaka nyekundu. Hakujua kama imegoma mara moja au zaidi. Alijua tu anachoruhusiwa yeye, na anachoruhusiwa ni mara moja. Akasubiri, akabonyeza. Nyekundu. Akaacha, akatoka kwenda stoo kuchukua tochi na spana.

Kule migombani mzee alikuwa amefikiri na kupata jibu. Hewa ni nyingi. Aliposikia mlango wa uwanjani umefungwa, akarudi ndani haraka, akapunguza kilango. Na kwa kuwa sasa alikuwa ametafuta sababu na kuirekebisha, kanuni ilimruhusu kubonyeza mara moja nyingine. Akabonyeza. Safari hii hewa ilikuwa ya kiasi, lakini kioo cha jicho kilikuwa kimeshapata utando wa mafuta mabichi, na ncha za cheche zimelowa. Nyekundu. Akasikia nyayo za Ikupa, akakohoa, akatoka.

Unawaona watu hawa? Wote waliitii amri. Hakuna aliyevunja hata nukta moja. Ila bena haikuwa inahesabu kwa mtu. Bena ilikuwa inahesabu yote.

Ikupa alirudi na tochi. Alikuwa ameinama tayari kufungua jicho alipoona kilango hakipo pale alipokiona dakika chache nyuma. Kisha akasikia harufu, dizeli mbichi, nzito, kama kwenye kituo cha mafuta. Akarudisha mkono.

Alimpigia simu Benedicto, akamweleza.

"Jumla imebonyezwa mara ngapi?" fundi akauliza.

"Mimi mara moja."

"Sijakuuliza wewe. Jumla."

Ikupa akautazama mlango wa migombani.

"Dada, nisikilize. Kama ni mara moja tu, nakwambia pulizisha feni, safisha jicho, jaribu. Kama ni zaidi, shughuli ni nyingine kabisa. Siwezi kukushauri bila hesabu hiyo. Muulize mwenzako."

Muulize mwenzako. Fundi wa Mbeya hakujua ametamka nini.

Uwanjani madumu yalikuwa yamepangwa mpaka getini, na katikati ya watu alisimama Mzee Abrahamu mwenyewe, ameleta maziwa ya ng'ombe wake, anatazama dohani isiyotoa kitu. Ikupa angeweza kumtuma kijana yeyote wa bodaboda azunguke nyuma amuulize mzee. Kijana angepaza sauti, "Mzee, umebonyeza mara ngapi?" na uwanja mzima ungesikia. Hilo si swali tena, hilo ni shtaka, na hakimu amesimama pale pale na dumu lake. Meneja Wilson je? Wilson angelazimika kumwambia mwenyekiti, maana ndiyo kazi yake. Kwa mdomo wa mtu yeyote mwingine, swali lile lingemfukuza mzee. Kwa mdomo wake yeye, lingevunja kitu alichokilinda tangu siku aliyovikwa pete.

Nje ya mlango wa migombani, mtu alikohoa. Hakuwa ameenda mbali.

Ikupa alijifunika kitenge kichwani mpaka machoni. Akaupa mlango mgongo. Akaweka kiganja juu ya bena, kama mtu anayetuliza ng'ombe kabla ya kukamua.

"Wewe bena," alisema, "nina neno na wewe. Mimi nimekubonyeza mara moja. Nakuuliza kwa heshima. Ukiacha yangu, umebonyezwa mara ngapi?"

Majani ya migomba yalidondosha maji. Ikupa akafikiri amekosea, kwamba sasa amepoteza vyote viwili.

Kisha sauti ikatoka nje, ya taratibu, ya mtu anayezungumza na kitu kilicho mbele yake.

"Wewe mgomba. Kuna mzee mmoja aliwasha alfajiri, ikagoma. Akabonyeza, ikagoma. Akatoka. Akarudi akapunguza hewa, akabonyeza tena, ikagoma. Mgomba, huyo mzee alidhani anafuata sheria."

Ikupa akahesabu. Kuwasha moja, mzee mbili, yeye moja.

"Bena," akasema, "hizo ni nne. Hata kupiga chafya usithubutu."

Nje, mgomba ukasikia mtu akicheka puani.

Benedicto alipopewa hesabu hakupoteza maneno. Funga mafuta. Zima umeme. Fungua bena, kausha tanuri, hakuna mtu kuwasha kitu humo mpaka harufu iishe. Ikupa akafunga vali, akazima swichi kuu. Lakini bena ile ukiifungua inaning'inia kwenye bawaba upande mmoja, na uzito wake si wa mtu mmoja. Mzee alilijua hilo, maana siku Benedicto alipoifungua kumfundisha, yeye ndiye aliyeishika.

"Mgomba," sauti ilisema, "hiyo bena ikifunguliwa na mtu mmoja itavunja bawaba. Inataka mikono minne."

Ikupa alikaza kitenge.

"Bena, anayejua kukushika na aje. Mimi nitakuwa upande wangu."

Mzee akaingia.

Nimeambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yanafanana. Walifungua nati, wakaivuta bena kutoka mdomoni mwa tanuri, ikaja na kuning'inia katikati yao, kubwa kama ndama. Ikupa alishika upande wa kushoto, mzee wa kulia. Bena ikawa ukuta. Yeye aliona viatu vya mzee, vya mpira, vyenye tope la migombani. Mzee aliona pindo la kitenge. Zaidi ya hapo, chuma.

Mzee alimulika tanuri kwa tochi, akasema kwa chini, "Ee Mungu wangu." Dizeli ilikuwa imetuama, inang'aa. Akaegemeza bena kwenye kigingi alichokileta, akazunguka nyuma kwa nyuma mpaka kwenye kona, akachukua reki yake ya zamani ya kukokotea majivu, ile iliyokaa hapo tangu enzi za kuni kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuitupa. Akaifunga magunia, akaanza kukausha, anaingiza, anavuta, anakamua kwenye ndoo. Ikupa, akiwa ameinamia upande wake, alichomoa jicho akalifuta kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kikaonyesha. Akafuta ncha za cheche.

Na kwa kuwa walikuwa wameshaanza kuongea na bena, waliona ni utovu wa adabu kuinyamazia.

"Bena, hii skrubu yako ya hewa inanichosha," alisema Ikupa. "Kila asubuhi naikuta imelegea."

Reki ikasimama.

"Bena," mzee akasema, "mimi pia. Kila alfajiri naikuta imefungwa. Naifungua, maana unanifukishia moshi."

"Unaifungua?"

Lilimtoka moja kwa moja, halikupitia kwa bena. Ikupa akaziba mdomo kwa kitenge. Mzee akakohoa, akaitafuta bena kwa macho, akaijibu yeye.

"Ninaifungua. Nawe unaifunga. Kumbe skrubu ni nzima, bena. Wenye kasoro ni wenye skrubu."

Hapo ndipo Mzee Abrahamu alipoinamisha kichwa mlangoni, kwa upande wa uwanjani, na kumkuta mkwe mmoja huku na mkwe mwingine kule, wanacheka na mashine ikiwa katikati yao.

"Kumbe mnaongea," alisema.

"Tunaongea na bena, Mwenyekiti," mzee akamjibu bila kuinua kichwa. "Umetukuta kwenye kikao. Karibu, ila usiwashe kiberiti."

Abrahamu alisikia harufu akarudi nyuma kidogo. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Swali lilikuwa kavu, na Ikupa alijua linakotaka kufika. Aligeuka kumwelekea mwenyekiti, mgongo kwa mzee.

"Tumebonyeza wote wawili, Mwenyekiti. Hakuna aliyezidisha. Kosa ni kwamba kila mmoja alijihesabu peke yake. Ungemwacha mmoja kati yetu asubuhi hii, asingeweza kuifungua hii bena, na maziwa yangeoza uwanjani."

Mwenyekiti alitazama bena, akatazama ndoo ya dizeli, akatazama ile reki. Alivua koti akauliza awasaidie wapi. Ikupa akamwambia afungue milango yote miwili, ashike ule wa migombani usigongwe na upepo.

Harufu ilipokwisha walirudisha bena mahali pake, Benedicto akiwa kwenye simu anawasikiliza. Ikupa aliweka kilango cha hewa katikati ya namba yake na namba ya mzee. Wakapulizisha feni muda mrefu. Kisha akarudi nyuma, akasimama pembeni, si mbele ya mlango wa tanuri, na mzee akatoka zake mlango wa pili. Cheche. Mafuta. Jicho likaona. Ikasikika ile pumzi ndefu ya moto iliyoshika, na sauti ya watu uwanjani ikabadilika. Maziwa ya madumu machache ya mwanzo yalikuwa yameshaanza kuchacha, yakapelekwa kwenye mtindi. Mengine yote yaliingia.

Abrahamu alikuwa bado amesimama na mlango. Akauliza swali ambalo lilibidi aulize.

"Haya. Na kesho?"

Jibu lilitoka nje. Mzee alichana utepe mkavu wa kamba ya mgomba, akaupitisha kwa mwenyekiti mlangoni.

"Mgomba ndio ulikuwa shahidi," alisema, "basi na uhesabu. Atakayebonyeza afunge fundo moja kwenye bomba la dizeli, hapo ukutani mbali na moto. Anayefuata akikuta fundo, haruhusiwi kugusa kitufe mpaka aongee na bena. Moto ukiwaka sawasawa, mafundo yanafunguliwa."

Mwenyekiti aliigeuza kamba ile mkononi. Amekua Rungwe, amefunga migomba mingi isiangushwe na upepo. Akainama, akaifunga mwenyewe kwenye bomba.

Habari ya abaki mmoja haikurudi tena kikaoni. Benedicto alipokuja kuangalia bena, alibadilisha kioo cha jicho, akawashauri walihamishe tangi dogo la dizeli kutoka nje kwenye baridi, wakalijengea ndani upande ulio mbali na tanuri. Tangu hapo mafuta hayaamki yamelala. Kilango cha hewa kina alama ya rangi ya kucha, nyekundu, zawadi ya Prisca, na hakuna anayekisogeza bila kikao. Fundi alipoona kamba bombani alinyoosha mkono aitoe, akidhani ni taka. Prisca alimwambia amkate yeye mkono kwanza. Prisca mwenyewe hulalamika kwamba wamemfungia posta.

Ukutila upo vile vile. Ikupa na Mzee Lutufyo hawajatazamana hata leo, na jina la mzee hujalisikia mdomoni mwa Ikupa. Kinachosikika, ukipita pale kukipambazuka, Ikupa akiwa bado nje ya mlango wa uwanjani, ni sauti ya mzee akiiambia bena mvuke umefika wapi, akiiuliza kama kikohozi cha mtoto wa Lazaro kimepungua, na kuisimulia kwamba mvua imeangusha mgomba nyuma ya nyumba, mkungu mkubwa, mtu mmoja hawezi kuumaliza. Kisha anakohoa, anatoka.

Ikupa akiingia, jambo la kwanza haangalii taa. Anapapasa bomba. Kamba iko laini, haina fundo. Kwenye kiti, palipo na joto bado, kuna kifurushi cha jani la mgomba, na ndani yake ndizi mbivu.

"Ndaga fijo, bena," husema, yaani asante sana.

Na bena, ambayo haijawahi kula ndizi, hunguruma.